Mkono Usio na Mganga: Ombolezo, Usuhuba na Vitendo vya Kichawi vya Vijana katika Filamu ya Talk to Me

Ikisiri

Sehemu hii inahakiki filamu ya Australia iitwayo Talk to Me, yaani Zungumza Nami (2022), iliyoongozwa na ndugu pacha Danny Philippou na Michael Philippou. Filamu hii imezoeleka kusomwa kama istiari ya dawa za kulevya au ya mitandao ya kijamii. Uhakiki huu haukanushi usomaji huo, bali unauona kuwa umeishia nusu ya njia. Hoja inayojengwa ni kwamba janga la filamu halitokani na vijana kuita mizimu tu. Linatokana na wao kufanya tendo la kiibada lisilo na mtu wa kuliuliza swali, huku msiba ulioko nyuma yake ukiwa haujawahi kuzungumzwa na wale uliowahusu. Ili kulibainisha hilo, filamu inasomwa kwa kutumia dhana mbili za kinadharia, kizingiti na huzuni sugu, pamoja na istilahi za Waswahili kuhusu matanga, kiti na uganga.

1.0 Utangulizi

Visa vya waliofiwa wanaojaribu kuwarejesha wafu wao ni vya kale katika fasihi ya dunia. Mara nyingi mtendaji katika visa hivyo ni mtu mzima: mume aliyefiwa na mke, au mama aliyefiwa na mwana. Tangu miaka ya 1990, filamu na tamthilia za televisheni zinazolenga vijana zimezidi kumweka msichana au mvulana wa shule katika nafasi hiyo, tena akiwa na kundi la rafiki zake. Badiliko hili si la umri peke yake. Mtu mzima anayetafuta nguvu za kichawi huenda kwa mtu mwingine anayesadikiwa kuzijua. Kijana wa kazi hizi humwendea rafiki ambaye hajui zaidi yake. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: usuhuba wa vijana unaweza kubeba uzito gani wa msiba pale unapolazimishwa kufanya kazi ya ukoo, majirani na wazee?

Talk to Me ni mfano unaofaa kwa swali hilo. Mhusika mkuu, Mia, ni msichana wa miaka 17. Mama yake, Rhea, alikufa miaka miwili kabla ya matukio ya filamu baada ya kumeza vidonge vya usingizi kupita kiasi. Mia anaishi na baba yake, Max, lakini moyo wake umehamia nyumbani kwa rafiki yake Jade, kwa mama wa Jade aitwaye Sue, na kwa Riley, mdogo wa Jade. Vijana wawili, Hayley na Joss, wana mkono uliofunikwa kauri, ambao inasemekana ndani yake mna mkono halisi wa mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwasiliana na wafu. Kijana huketi kitini na kufungwa mkanda, mshumaa huwashwa, naye huushika mkono huo na kutamka maneno mawili. La kwanza huualika mzimu useme. La pili huuruhusu uingie mwilini mwake. Sharti ni moja: zisipite sekunde 90. Wengine husimama pembeni wakicheka na kurekodi kwa simu.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu ibada za mpito, Arnold van Gennep anabainisha hatua tatu: kutengwa, kukaa kizingitini na kurejeshwa. Hatua ya kati ndiyo ya hatari, kwa sababu aliyemo hayuko ndani wala nje. Jamii humwekea mtu huyo walinzi, miiko na, zaidi ya yote, mwisho unaojulikana. Waswahili wanaufahamu mpango huu bila kuhitaji kufundishwa na van Gennep. Matanga yana siku ya kuanza na siku ya kuanuliwa. Arobaini ina tarehe. Eda ya mjane wa Kiislamu ina miezi minne na siku kumi. Mipaka hiyo haimaanishi kwamba uchungu unakwisha siku ya kuanua matanga. Inamaanisha kwamba kuna siku ambapo watu husema hadharani kuwa aliyefiwa ameruhusiwa kurudi miongoni mwa walio hai.

Dhana ya pili inatoka kwa Sigmund Freud, ambaye katika makala yake ya mwaka 1917 anatofautisha ombolezo na huzuni sugu. Anayeomboleza anajua alichokipoteza. Mwenye huzuni sugu anajua kuwa amempoteza mtu, lakini hajui ni kitu gani hasa kilichomtoka pamoja na mtu huyo. Hivyo hujigeuzia lawama. Maelezo hayo yanalingana na hali ya Mia. Anajua kuwa mama yake hayupo. Hajui kama mama aliondoka kwa bahati mbaya au kwa kukusudia. Kutojua huko ndiko kunakomzuia kuanza kuomboleza, kwa kuwa kila jibu linadai ombolezo la aina yake.

Istilahi nazo zinahitaji kuangaliwa. Lugha ya Kiswahili inatenganisha uchawi, unaodhuru, na uganga, unaotibu. Inatenganisha pia mzimu, ambao ni wa aliyekufa, na pepo au jini, ambaye hakuwahi kuwa mtu. Tendo la vijana katika filamu haliingii upande wowote wa jozi ya kwanza. Hawakusudii kumdhuru mtu wala hawana mgonjwa wanayemtibu. Wao wanauita mchezo. Katika jozi ya pili wanachukulia tu kwamba kilichokuja ni mzimu, na hakuna anayejaribu kuhakikisha. Ombwe hilo la istilahi ni ombwe la maarifa, na humo ndimo filamu inamotia mkasa wake.

3.0 Uchambuzi

3.1 Kiti kisicho na fundi

Katika ngoma za pepo za pwani ya Afrika Mashariki, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Jina hilo linasema mengi: mwili wa mtu ni mahali pa kukaa mgeni, na mgeni hukaa kwa taratibu za wenyeji. Mbele ya kiti huwapo mganga au fundi, na kazi yake kubwa ni kuuliza. Humtaka pepo ataje jina lake, atokako, sababu ya kuja kwake na anachokidai. Majibu hujadiliwa, wakati mwingine madai hupunguzwa. Hata asiyesadiki kuwapo kwa pepo anaweza kuona kwamba hayo ni mazungumzo yenye kanuni, na kwamba mgonjwa amezungukwa na watu wanaomjali kwa majukumu yanayojulikana.

Filamu ina kiti halisi, chenye mkanda, lakini haina fundi. Hayley na Joss wanajua kuwasha mshumaa na kuhesabu sekunde, basi. Hapa kichwa cha filamu kinageuka kuwa kejeli. Vijana wanaualika mzimu uzungumze, kisha hakuna anayezungumza nao. Unapoongea, wanacheka. Unapotisha, wanausogezea simu. Sekunde 90 ni kipimo cha muda kisicho na kipimo cha maana, kwa sababu hakuna aliyepewa mamlaka ya kusema kwamba kilichotakiwa kimepatikana. Katika hatua ya kizingiti kwa mtazamo wa van Gennep, mwisho hutolewa na jamii. Hapa mwisho unatolewa na saa, na saa haiwezi kumkataza mtu mwenye uchungu anayeomba aongezewe kidogo.

Methali isemayo kifo cha wengi harusi inaweza kutumika kueleza mandhari haya kwa kinyume chake. Methali hiyo inachukulia kuwa msiba umewafika wengi, na kwa kushirikiana wanaupunguzia uzito. Katika filamu wengi wapo, na shangwe ipo, lakini msiba ni wa mmoja. Waliojaa sebuleni hawakuja kwa ajili ya Rhea. Mia ndiye anayejitolea kushika mkono usiku ule ule wa kumbukumbu ya miaka miwili ya kifo cha mama yake, na kundi linamshangilia bila kujua linashangilia nini. Kwa muda mfupi anapata kile ambacho matanga yangempa: watu wanaomtazama, kumgusa na kukaa naye. Furaha yake baada ya tendo hilo si ya ulevi pekee. Ni furaha ya mtu aliyekaa pembeni kwa miaka miwili akajikuta katikati.

3.2 Mwili wa mtoto wa watu

Kilele cha filamu si mwisho wake, bali usiku ambapo Riley anataka naye aushike mkono. Jade anakataa kwa sababu mdogo wake bado ni mtoto. Mia, akiwa kama dada wa pili wa nyumba hiyo, anaruhusu kwa sharti la sekunde 50. Kupitia kinywa cha Riley inatoka sauti inayojitambulisha kama Rhea. Tangu hapo Mia hamwoni Riley tena. Anaomba muda uongezwe, na wakati wenzake wanapofaulu kuuvunja mshiko, Riley ameshauponda uso wake mezani na kujaribu kuling'oa jicho lake mwenyewe.

Tukio hili linaweka bayana suala la kimaadili ambalo usomaji wa dawa za kulevya hauligusi. Anayetumia dawa hujidhuru kwanza mwenyewe. Mia anatumia mwili wa mtu mwingine, tena mdogo kuliko yeye, kama njia ya kumfikia marehemu wake. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Anafanya kwa upendo uliokosa mahali pa kwenda. Filamu inakataa kumhukumu kwa urahisi, na wakati huo huo inakataa kumsamehe kwa urahisi, kwa kuwa inamwonyesha mtazamaji gharama ya upendo huo katika uso wa mtoto. Katika istilahi za ngoma za pepo, Riley amekuwa kiti ambacho hakuna aliyekiombea ruhusa kwa wenyewe. Sue hakujua, Jade alikataa. Kukosekana kwa ridhaa ya nyumba ndiko kunakoufanya msiba wa familia moja uwe msiba wa familia mbili.

Tukio hili liliandaliwa mapema. Mwanzoni, Mia na Riley wanamkuta kangaruu aliyegongwa barabarani akigaagaa. Riley anamwomba Mia ammalize mnyama huyo ili asiteseke. Mia anashindwa na kuondoka. Baadaye, akiwa tayari ameaminishwa kwamba roho ya Riley inateswa na mizimu, anamtoa wodini kwa kiti cha magurudumu na kumpeleka kando ya barabara kuu ili kifo kimpumzishe. Kwa Mia, tendo la pili linasahihisha la kwanza: safari hii hatakwepa wajibu wa huruma. Mantiki yake ni timamu kabisa. Kilichoharibika ni habari alizopewa. Huo ndio ukatili wa huzuni sugu kama filamu inavyouchora. Haimnyang'anyi mtu akili. Inampa akili yake kazi ya kufanya juu ya msingi wa uongo.

3.3 Barua na sauti

Uongo huo unashindana na ukweli ambao ulikuwapo nyumbani muda wote. Max alikuwa na barua ambayo Rhea aliiacha, na aliificha ili kumkinga binti yake. Anapoamua kumsomea, barua inathibitisha kuwa Rhea alikusudia kufa. Sauti inayomjia Mia, kwa upande wake, imekwisha kumwambia kuwa mama hakukusudia. Mia anawekwa kati ya shahidi wawili wa marehemu mmoja: maandishi yanayoumiza na sauti inayoliwaza. Anaichagua sauti, na mwishowe anamchoma baba yake kwa mkasi akiamini kwamba si baba bali ni adui.

Methali ya Waswahili isemayo mficha maradhi kifo humuumbua inamhusu Max kuliko Mia. Nia yake ilikuwa njema, lakini ukimya wake ulimwachia binti nafasi tupu, na nafasi hiyo ikajazwa na wa kwanza aliyekubali kusema. Ikumbukwe kuwa mazungumzo ya kwanza yenye ukweli kati ya baba na binti yanafanyika wakati ambapo Mia hana tena uwezo wa kutambua ni nani anayezungumza. Kichwa cha filamu kinapata hapa maana yake ya tatu na iliyo nzito zaidi. Ombi la kuzungumza nami halikupaswa kuelekezwa kwa mizimu. Lilikuwa ombi la mtoto kwa mzazi aliye hai, na la mzazi kwa mtoto wake, na kila mmoja alilipeleka pasipo penyewe.

4.0 Ulinganisho

Mkono kama kifaa cha kuwafikia wafu una historia katika maandishi ya Kiingereza. Katika hadithi fupi ya W. W. Jacobs iitwayo The Monkey's Paw (1902), wazazi wa familia ya White wanapata mkono wa nyani wenye kutimiza matakwa matatu. Baada ya mwana wao kufa kiwandani, mama anataka arudishwe, mlango unabishwa, na baba anatumia takwa la mwisho kuuzuia ujio huo. Jacobs anawapa wazee wawili: mmoja anavutwa na uchungu, mwingine anavuta kinyume. Talk to Me inageuza pande zote mbili. Anayelia ni mtoto, anayeliliwa ni mzazi, na hakuna wa kuvuta kinyume. Marafiki wa Mia wangeweza kushika nafasi hiyo, lakini hawakuambiwa kuwa kuna mtu analia.

Ulinganisho wa karibu zaidi ni sehemu iitwayo Forever (2001) ya tamthilia ya televisheni ya Marekani Buffy the Vampire Slayer. Dawn, msichana aliyefiwa na mama yake, Joyce, anafanya dawa ya kumfufua. Mlango unabishwa hapo pia. Kabla ya kufunguliwa, Dawn na dada yake, Buffy, wanagombana, na katika ugomvi huo Buffy, aliyekuwa akijishughulisha na mipango ya mazishi kana kwamba hana machozi, anavunjika na kulia. Dawn anaichana picha ya mama, na dawa inabatilika. Kinachomwokoa Dawn si kukatazwa. Alishakatazwa na hakusikia. Anaokolewa na kugundua kwamba hakuwa peke yake katika msiba. Hicho ndicho Mia anachokikosa hadi saa ambayo hakifai tena kitu.

Kwa upande wa fasihi ya Kiswahili, riwaya ya C. G. Mung'ong'o, Mirathi ya Hatari (1977), inatoa tofauti yenye manufaa. Uchawi unamfikia kijana Gusto kutoka kwa baba yake kama urithi, jambo ambalo kichwa cha riwaya kinalitangaza. Njia yake ni ya wima, kutoka kizazi hadi kizazi, na hatari yake imo katika uzito wa kile kinachorithishwa. Katika Talk to Me njia ni ya ulalo, kutoka kwa rika hadi rika. Mkono hauna ukoo, hauna historia inayoaminika, na kila anayeusimulia anatoa habari yake. Gusto anaelemewa na kurithishwa kupita kiasi. Mia anaangamia kwa kutorithishwa chochote, hata barua ya mama yake.

5.0 Mipaka ya Usomaji Huu

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba kupima filamu ya Adelaide kwa matanga ya pwani ni kuionea, na pia ni kuyasifu mno matanga. Ni kweli kwamba matanga hayamwokoi kila mtoto. Katika jamii za Afrika Mashariki pia watoto huambiwa kuwa marehemu amesafiri, na kifo cha kujiua mara nyingi husemwa kwa kunong'ona, au hakisemwi kabisa. Max angeweza kuwa baba wa Tanga au wa Mwanza. Istilahi za Kiswahili hazikutumika hapa ili kuonyesha kwamba jamii moja ina dawa na nyingine haina. Zimetumika kwa sababu zinataja nafasi, ya kiti, ya fundi, ya mwenye msiba, ambazo filamu inaziacha wazi bila kuzipa jina.

Pingamizi la pili linaihusu filamu yenyewe. Haisemi waziwazi kama Rhea anayeonekana ni Rhea au ni kitu kilichovaa sura yake, na kanuni za ulimwengu wa wafu zinabadilika kulingana na haja ya tukio. Huu ni udhaifu wa muundo katika nusu ya pili. Max naye amechorwa kwa mistari michache kiasi kwamba uzito wa kuchomwa kwake unategemea zaidi barua kuliko yeye mwenyewe. Hata hivyo, utata mmoja umetumiwa kwa ustadi. Kamera haionyeshi kama Mia alijitupa barabarani au alisukumwa na Jade aliyekuja kumwokoa mdogo wake. Mtazamaji anaachiwa swali lile lile ambalo Mia aliachiwa kuhusu mama yake, na anatoka akiwa amelibeba.

6.0 Hitimisho

Katika tukio la mwisho Mia anamwona Riley akipona na baba yake akiondoka hospitalini. Hawamwoni, na kioo hakimrudishii sura yake. Gizani anauona mshumaa na mkono ulionyoshwa; anaushika, na kujikuta mbele ya kundi jingine la vijana, wa lugha nyingine, wakicheka kama walivyocheka wenzake. Aliyekuwa mwenyeji wa mchezo amekuwa mgeni wake. Kwa istilahi za van Gennep, Mia hakurejeshwa. Amebaki kizingitini, na kizingiti sasa ndiyo makazi yake.

Uhakiki huu umebainisha kwamba vitendo vya kichawi katika Talk to Me ni ombolezo lililokosa taratibu, na kwamba usuhuba wa vijana, pamoja na uaminifu wake wote, hauwezi peke yake kushika nafasi ya fundi anayeuliza na ya mzazi anayejibu. Hayley na Joss si waovu, na Jade ni rafiki wa kweli. Walichokosa ni habari moja ambayo mtu mzima mmoja alikuwa nayo. Watafiti wa fasihi ya vijana kwa Kiswahili wanaweza kuliendeleza swali hili kwa kuchunguza namna riwaya na filamu za Afrika Mashariki zinavyowaonyesha watoto waliofiwa: nani huketi nao, nani huwaambia ukweli, na ni nani hujibu pale wanapokuwa wameanza kuwauliza waliokufa.